Nyayo Zangu Juu ya Nyayo za Ng'ombe

Jumanne, 22 Aprili

Nimekimbia mpaka shule ya msingi na kurudi. Goti la kulia linauma tena. Tope jingi njiani, viatu vimekuwa vizito kama matofali.

Wanawake wawili waliokuwa wanakwenda kuteka maji walinisimamisha wakaniuliza nani amekufa. Nikasema hakuna, nafanya mazoezi. Hawakuridhika. Mmoja aliweka ndoo chini, akaniambia kwa upole, "Tuambie tu, mama Wegesa. Tuko tayari."

Hapa Buswahili mtu mzima akionekana anakimbia alfajiri, ama kuna msiba ama ng'ombe wameibwa. Hakuna sababu ya tatu. Nitazoea kuwa sababu ya tatu.

Nilifungua kituo changu cha kukusanyia maziwa kwa wakati. Wa kwanza kwenye foleni alikuwa mama Nyangeta, kama kila siku. Maziwa yake safi, kipimo hakijawahi kumkataa. Alinitazama miguu akacheka mpaka akashika ukuta.

Alhamisi, 24 Aprili

Nimepumzika. Ratiba inasema kupumzika ni sehemu ya mazoezi.

Dada yangu Nyamisi alipiga simu kutoka Makoko, kule Musoma. Ndiye aliyetuandikisha wote wawili mbio za Mei, kutoka Butiama mpaka Musoma mjini, kilomita arobaini na mbili. Leo ameniambia amejitoa. Kiuno. Nilimwambia pole. Moyoni nilikasirika. Wazo lilikuwa lake.

Sijitoi. Mama yetu alianguka jikoni kwa presha, akaishi mwaka mzima bila kusema neno. Nesi wa zahanati aliponipima mwaka jana alitazama mashine mara mbili. Nilianza kwa kutembea. Sasa nakimbia. Presha imeshuka. Hiyo inatosha kuwa sababu.

Jumapili, 27 Aprili

Misa ya kwanza, halafu mbio ndefu. Nimefika kwenye matete, karibu na mto Mara, na kurudi. Sijawahi kwenda mbali hivyo. Nilitembea sehemu za kupanda. Nilipofika nyumbani nilikaa sakafuni nikala viazi vitamu vya jana bila kuvipasha moto.

Njia ya bondeni ni nzuri. Mchanga laini, goti halipigwi sana. Nitaitumia hiyo.

Jumatano, 30 Aprili

Siku mbaya.

Alfajiri nilikwenda tena mpaka kwenye matete. Goti lilikaza nilipofika kule, nikaona nisirudi kwa njia ya bondeni, mchanga ule unavuta mguu uliokaza. Nikazunguka, nikarudi kwa barabara kuu ya changarawe. Hakuna mtu niliyekutana naye ninayemfahamu. Lori moja tu la mchanga.

Nilipokaribia kijiji nikasikia yowe. Wanaume wakitoka na mikuki na pinde, wengine wanavaa mashati huku wanakimbia. Ng'ombe wa mama Nyangeta wameibwa usiku. Wote sita, na ndama. Zizi limefunguliwa, miba imewekwa pembeni vizuri kama mlango.

Yeye alikuwa amekaa chini ndani ya zizi tupu. Mume wake hajatimiza mwaka kaburini. Wale ng'ombe ndio karo, ndio chumvi, ndio kila kitu. Nilimshika bega.

Wanaume wakaondoka kufuata nyayo. Mbele yao alikuwa Magori, mdogo wa marehemu mume wake.

Alhamisi, 1 Mei

Wamerudi. Nyayo za ng'ombe zimepita njia ya bondeni mpaka kwenye matete, zikapotelea majini. Ng'ambo ya mto hawakupata kitu.

Lakini wamepata kitu kingine. Juu ya nyayo za ng'ombe, njia nzima, kuna alama za kiatu. Soli yenye mistari ya kuvunjika-vunjika. Zinakwenda mtoni. Hazirudi.

Niliambiwa haya kituoni na watu waliokuwa kwenye foleni, nikiwa nimevaa kiatu chenyewe. Hakuna aliyenyoosha kidole. Walitazama chini tu, wote kwa pamoja.

Nilieleza palepale. Nilipita alfajiri, ng'ombe walishapita usiku, ndiyo maana alama zangu ziko juu. Nilirudi kwa barabara kwa sababu ya goti. Nilijisikia ninavyoongea haraka. Mtu anayesema kweli angeongea taratibu.

Ijumaa, 2 Mei

Sungusungu wamekuja nyumbani. Kamanda wao, Machota, aliomba viatu kwa heshima. Magori aliviokota yeye mwenyewe, akavigeuza juu, akawaonyesha wenzake kama mtu anayeonyesha samaki aliyemvua.

Kanuni ya huku kila mtu anaijua. Nyayo zikiishia kwako, wewe ndiye wa kujibu. Haijalishi umelala au umesafiri. Wanafuata nyayo, si maneno.

Kosa langu ni kwamba nilikanyaga mahali ambapo mchunga ng'ombe wa wizi angekanyaga. Nyuma yao.

Machota aliuliza swali moja. Nani aliniona nikirudi kwa barabara? Nikasema dereva wa lori la mchanga. Namba? Sikuitazama. Lori la nani? Sijui.

Viatu walivirudisha. Wamenikataza kutoka nje ya kata.

Jumatatu, 5 Mei

Sijakimbia tangu Jumatano. Leo nimesikia wanavyosema kisimani. "Mbona ameacha? Si alikuwa anakimbiaga kila siku? Ameona tumemshtukia."

Nikikimbia, nina kiburi. Nisipokimbia, nimekiri.

Mume wangu alipiga simu kutoka mgodini Geita. Anataka nifunge mlango nimfuate. Nyamisi anataka niende Makoko nikae kwake. Wote wananipenda na wote hawaelewi. Nikiondoka, nimeiba.

Watu wanane hawakuleta maziwa leo. Wanayapeleka kituo cha kata jirani, mwendo wa saa nzima, kuliko kuyaleta kwangu. Gari la maziwa lilikuja kutoka Musoma likapakia keni mbili. Dereva akauliza kama kuna ugonjwa wa ng'ombe.

Naogopa. Niandike hivyohivyo. Naogopa.

Jumatano, 7 Mei

Nimekimbia. Asubuhi kukiwa na mwanga kamili, barabarani, katikati, ili kila mtu aone. Mtoto mmoja alipiga kelele "mwizi" akanyamazishwa na mama yake. Mama yake hakunisalimia.

Nilipita kwa mama Nyangeta. Alikuwa anafagia uwanja. Nikamwamkia. Aliendelea kufagia. Nikamwambia, "Dada, unanijua." Akasimamisha ufagio, akanitazama muda mrefu, halafu akaingia ndani.

Hilo limeniuma kuliko viatu.

Wanaume waliokwenda kutafuta minadani wamerudi. Walifika Bunda, wakateremka mpaka Kisorya, wakasimama kwenye kivuko wakitazama kila mnyama anayevushwa kwenda Ukerewe. Hakuna.

Jumamosi, 10 Mei

Mkutano. Uwanja wa shule, kijiji kizima. Nimekalishwa kwenye kiti peke yangu mbele, kama bibi harusi.

Utaratibu ni huu. Mwenye ng'ombe ndiye anayemtaja anayemshuku. Akishataja, sungusungu wanaamua. Akipatikana na hatia, anatengwa. Hakuna salamu, hakuna chumvi wala moto, hakuna kununua wala kuuza kwake. Akifa, watoto wake wazike wenyewe. Nimewahi kuona mtu aliyetengwa. Alihama usiku baada ya wiki tatu, na nyumba yake ikaanguka yenyewe.

Machota alimwita mama Nyangeta amtaje mtu. Alisimama. Akatazama chini. Akakaa bila kusema. Wakamwita tena. Akasema hajamaliza kufikiri.

Magori ndiye aliyeongea. Anaongea vizuri, lazima nikubali. Alisema, "Mmeona wapi mama mzima anatoka hapa mpaka mtoni, anazunguka na barabara, halafu anakuja kufungua kituo, eti kwa starehe? Hata sisi wanaume tukienda kule tunabebaga chakula. Huyu hakukimbia. Huyu alifika mtoni na ng'ombe, akapakiwa kwenye pikipiki na wenzake akarudishwa."

Watu wakaguna. Nilijibu kwamba nafanya mazoezi ya kilomita arobaini na mbili. Wakacheka. Si kwa ubaya, walicheka tu kama watu waliosikia kitu kisichowezekana.

Mama mmoja nyuma akasema kwa dhihaka, "Si anasema anakimbia? Akimbie basi, tuone."

Kicheko kikawa kikubwa. Machota hakucheka. Aliongea na wazee wawili, akasimama.

Uamuzi wao: nikimbie hizo mbio. Butiama mpaka Musoma. Watu wawili wa sungusungu watanifuata kwa pikipiki. Nikifika kwa miguu yangu, basi mimi ni mkimbiaji, na nyayo zile ni za mkimbiaji. Nikipanda chombo chochote, au nikilala njiani, basi nilisema uongo, na mama Nyangeta hatahitaji kunitaja.

Nilitaka kuwaambia haihusiani. Mtu anaweza kukimbia na bado akawa mwizi. Anaweza kushindwa na bado akawa mkweli. Nikawatazama nyuso zao. Kwao lilikuwa jambo la haki kabisa. Nikasema sawa.

Magori alikuwa wa kwanza kujitolea kunifuata.

Jumanne, 13 Mei

Goti. Maji ya moto yenye chumvi asubuhi na jioni. Nesi amenikanda, akaniambia nipumzike mwezi mmoja. Nikamwambia sina mwezi. Yeye ni mtu wa Tarime, anajua mambo haya. Hakubishana. Alinifundisha kulifunga.

Sijawahi kukimbia zaidi ya nusu ya safari ile. Ratiba inataka nipunguze sasa. Kila kitu ndani yangu kinataka niongeze. Nafuata ratiba.

Jumapili, 18 Mei

Misa. Benchi langu lilibaki na mimi tu. Wakati wa kutakiana amani niligeuka kushoto, kulia. Mzee mmoja kipofu ndiye aliyenipa mkono. Nadhani hakujua ni mimi.

Nimekuwa na hasira na Mungu kwa muda wa misa nzima.

Ijumaa, 23 Mei

Butiama. Nimelala kwa rafiki wa Nyamisi, mwalimu. Amenipikia wali akanilazimisha kumaliza. Anadhani nina wasiwasi wa mashindano. Sikumwambia.

Magori na mwenzake wamefika pia, kila mmoja na pikipiki yake. Mwenzake ni Chacha, mtu mnene, mpole, ana bucha ndogo pale kijijini. Alinisalimia. Ni salamu ya kwanza kutoka kwa mtu wa kijiji baada ya muda mrefu, nikashindwa kuijibu vizuri.

Nimeweka nguo kitini. Kanga ya kufunga goti. Viatu.

Jumamosi, 24 Mei

Naandikia Makoko, kitandani kwa Nyamisi. Siwezi kukunja mguu. Naandika yote leo kwa sababu kesho nitaanza kuyapamba.

Tulianza kukiwa na baridi. Vijana wembamba walitoweka kwenye kona ya kwanza, sikuwaona tena. Baada ya muda hata wanafunzi wa sekondari wakanipita, na mzee mmoja mwenye koti la mvua. Nikabaki wa mwisho. Nyuma yangu pikipiki mbili, taratibu, kama msafara wa mgonjwa.

Mpaka njia panda ya Makutano nilikuwa sawa. Nilijishangaa. Nilihesabu pumzi, nilikunywa maji kila yalipokuwapo. Chacha alikuwa ananyanyua kidole gumba kila nikigeuka. Magori alikuwa anavuta sigara.

Baada ya Makutano jua likatoka lote. Barabara ni ya lami na inaonekana mbali sana, hilo ndilo tatizo lake. Goti likaanza. Kwanza kama sindano, halafu kama kisu, halafu likawa halina mfano, nikawa naliburuta tu. Meza za maji zilikuwa zimeshaondolewa. Mabasi yakaanza kupita karibu. Abiria walichungulia madirishani.

Mahali fulani, sijui wapi, pikipiki ya Chacha ilikatika mnyororo. Akabaki nyuma kuutengeneza. Tukawa mimi na Magori peke yetu, hakuna nyumba, hakuna mtu.

Alisogea akawa sambamba nami. Alizima sigara. Sauti yake ilikuwa nzuri kabisa, ya huruma. "Mama Wegesa, utakufa hapa bure. Panda. Nitakushusha kabla ya Bweri, unaingia mjini unakimbia. Chacha hajui, na mimi sitasema."

Niliitazama ile siti. Niandike ukweli: niliitaka. Niliiona ilivyo pana. Niliweka mkono juu yake, ilikuwa ya moto kwa jua. Nikafikiria presha yangu, nikamfikiria mwanangu Wegesa aliye shule ya bweni, nani angemlaumu mama anayetaka kubaki hai.

Halafu nikamtazama usoni. Alikuwa anatazama mkono wangu juu ya siti kama mtu anayetazama samaki akisogelea ndoana.

Nikautoa.

Sikumwambia kitu, pumzi zilikuwa za kukimbilia. Naye hakurudia. Alikaa nyuma yangu mpaka Chacha alipotufikia, mikono yake imejaa grisi, anaomba radhi kama vile mimi ndiye niliyekuwa namsubiri.

Bweri nilitembea. Sheria yao haikusema nisitembee. Watu wa stendi walicheka, mmoja akaniuliza nimeachwa na basi gani. Kisha nikakimbia tena, kama ile inaitwa kukimbia. Niliona ziwa. Nililia. Si kwa furaha, ni mwili tu uliamua.

Uwanjani walikuwa wanakunja mahema. Lile tao la upepo la kumalizia lilikuwa limelala chini, limeishiwa hewa, na vijana wawili wanalikunja kama godoro. Chacha akaniacha, akawasha pikipiki mpaka kwao, akashuka. Nilimsikia kwa mbali. "Simamisheni hapo. Kuna mtu mmoja bado. Huyu mnayemuona ni mtu, si kivuli."

Wakasimama, wameshikilia ile plastiki. Nikapita mbele yao. Hakuna medali, zilikuwa zimeisha. Mwanamke mmoja wa pale alinipa soda ya moto.

Nikamtafuta Magori. Chacha akasema aligeuza alipoona nimeshika barabara ya ziwani. Hakuaga.

Chacha alinitazama miguu. Soksi moja ilikuwa nyekundu. Akasema, "Mimi nimeona kwa macho yangu. Nitasema nilichoona." Akaenda kunawa grisi ziwani.

Jumatatu, 26 Mei

Nimerudi Buswahili jana jioni. Mkutano ulishakaa bila mimi. Chacha alisema alichoona, Machota akatangaza, ikaisha. Magori hakuhudhuria.

Leo foleni imerudi. Hakuna aliyeomba msamaha na sikutegemea. Wameleta maziwa, wameuliza mguu. Yule mama wa dhihaka ameniletea dawa ya majani ya kukanda. Nimeipokea.

Baada ya kufunga nilikwenda kwa mama Nyangeta. Polepole, na fimbo. Alikuwa anamenya mihogo nje. Akanipa kigoda na kisu kingine. Tulimenya. Nikamwambia sikuchukua ng'ombe wake. Akasema anajua. Akasema alijua tangu siku ya pili.

Niliuliza kwa nini basi alininyima hata salamu.

Akaniambia bila kuniangalia. "Mbwa wangu anabwekaga hata kuku wa jirani akipita. Usiku ule alinyamaza, kama kwa mtu wa nyumbani. Asubuhi nikamkuta amelala na mfupa mpya." Akamenya mhogo mwingine. Akasema baada ya matanga ya mumewe Magori alitaka ng'ombe wahamie zizi lake, yeye akakataa. Hayo sikuyajua. "Nilikuwa naomba iwe wewe. Wewe ungehamia kwa mumeo, yakaisha. Yeye ni baba mdogo wa wanangu. Nikimtaja, wanangu hawana ukoo."

Nilikasirika. Halafu nikaona mikono yake, nikaacha kukasirika, halafu nikakasirika tena. Sikuondoka.

Tulimaliza mihogo. Nilipotaka kusimama miguu ilikataa, akanishika kwapani akaninyanyua kama mzigo wa kuni. Tukabaki tumesimama hivyo kidogo, ameniegemea, nimemwegemea.

Aliniuliza kama kesho nitakimbia. Nikasema siwezi, labda mwezi ujao.

Akasema basi nimsindikize kwa Machota, baada ya maziwa, akataje jina. Hawezi kwenda peke yake.

Si mbali. Nimemwambia twende taratibu.